Kazimoto Alikosa Nini? Raha ya Kuishi na Usomaji wa Riwaya za Kezilahabi

Katika masomo yetu ya fasihi kuna neno moja linalotawala karatasi za mtihani, nalo ni "dhima". Mwanafunzi huulizwa dhima ya methali, dhima ya ngano, hata dhima ya wimbo wa kubembeleza mtoto. Naye hujibu kwa mpangilio uleule: kuelimisha, kuonya, kuhifadhi utamaduni, na mwisho kabisa kuburudisha, kana kwamba burudani ni mgeni aliyechelewa akapewa kigoda karibu na mlango. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yanatufanya tuisome vibaya riwaya moja kubwa, yaani Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974).

Mazoea yenyewe yana historia inayoeleweka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, fasihi ya Tanzania ilitakiwa ishiriki katika ujenzi wa taifa, na mjadala wa "sanaa kwa ajili ya jamii" ukaipiga chini "sanaa kwa ajili ya sanaa". Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 walitupatia vipengele ambavyo tunavifundisha hadi leo: dhamira, mgogoro, ujumbe, msimamo, falsafa. Ni zana nzuri. Tatizo ni kwamba tumezigeuza kuwa ushuru: kitabu kisicholipa ujumbe hakipiti.

Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Anamchukia Manase, rafiki wa utotoni ambaye sasa ni mkubwa serikalini na aliyemharibia dada yake, Rukia. Anapanga kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, lakini hatimaye anamwoa. Mwisho Kazimoto anajiua. Jibu la kawaida darasani ni kwamba usomi wa kikoloni humtenga kijana na jamii yake, basi tujihadhari. Jibu hilo si la uongo. Lakini linaiacha nje sehemu kubwa ya kitabu, yaani kurasa zile ambazo Kazimoto anauhoji uhai wenyewe: una maana gani, Mungu yupo wapi, kwa nini mtu aendelee.

Kwa maoni yangu, Kazimoto hakuangamizwa na ukosefu wa maana. Aliangamizwa na sharti alilojiwekea kwamba lazima maana ipatikane kwanza, ndipo aishi. Uhai kwake ni mshitakiwa ambaye kila siku aletwe mbele ya hakimu ajieleze. Hata penzi lake linaanza likiwa chombo cha shughuli nyingine. Ni vigumu kumkuta akifanya jambo kwa kuwa tu ni tamu kulifanya. Na hapa ndipo sisi walimu tunapofanana naye: tunamsoma mtu aliyekufa kwa kudai dhima ya kila kitu, kisha tunauliza dhima ya kifo chake.

Wenzetu wa Rwanda waliosomea Kifaransa watamkumbuka Albert Camus, ambaye katika insha yake juu ya Sisyphus (1942) alianzia swali lilelile la kujiua, akafika kwingine: dunia haitujibu, na bado inawezekana kuwa na furaha ndani yake. Wahakiki wengi wamemhusisha Kezilahabi na udhanaishi wa aina hii.

Msomaji anaweza kupinga: je, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) hakuifurahia dunia, na hatima yake haikuwa kitanzi? Pingamizi hili ni zito. Lakini tutofautishe. Starehe za Tumaini ni za kuonwa: fedha itumike ili watu wajue ipo. Hiyo pia ni dhima. Lugha yetu inaujua vizuri ubaya huo, ndiyo maana tuna "ponda mali, kufa kwaja". Lakini lugha hiyohiyo ina "kupunga upepo", na neno hili nalipenda kuliko kurasa nyingi za falsafa. Anayepunga upepo haendi mahali wala hatafuti kitu. Ukimwuliza "kwa nini?" utakuwa umeharibu jioni yake. Watu hupunga upepo Forodhani, Unguja, na hupunga upepo kando ya Ziwa Kivu pale Gisenyi.

Kezilahabi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, hakuishia kwa Kazimoto. Katika Nagona (1990) utafutaji wa maana unaendelea, lakini sasa kuna Ngoma Kuu. Mtu hachezi ngoma ili afike upande wa pili wa uwanja. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba Nagona haina ujumbe unaoshikika. Nadhani wameielewa kuliko wanavyojua.

Haya yanatuhusu vipi huku kwetu? Chukua kijana wa Nyakiriba, Wilaya ya Rubavu, karibu kabisa na Goma. Tangu Rwanda ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na zaidi tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2017, anaambiwa ajifunze Kiswahili kwa sababu ya biashara, ajira na utangamano. Sababu zote ni za kweli. Hata hivyo Kiswahili kilishamfikia kabla ya sababu hizo, kwa nyimbo za Bongo na za Kongo, kwa utani wa sokoni na mpakani. Alikuwa anakifurahia. Sisi tunampokea darasani tukimtaka ataje umuhimu wake katika hoja sita.

Wala sisemi tuifute dhima. Mtihani upo, na mzazi aliyelipa karo ana haki ya kuuliza. Ninachopendekeza ni kidogo: kipindi kimoja kwa juma, riwaya isomwe kwa sauti bila kalamu mezani. Na katika jaribio, swali moja la hiari: ukurasa upi uliufurahia, uueleze ulivyo bila kutaja funzo. Pendekezo hili nilipolieleza mbele ya wanafunzi, mkono wa kwanza ulioinuka uliuliza swali hilo lina alama ngapi.