Hongera, Wapanda Mikoko wa Pemba

Maji yakipwa, akina mama wa Pemba hukunja kanga hadi magotini na kuingia topeni. Mkononi wana mbegu za mkoko, ndefu na za kijani. Huzichomeka moja moja, ncha chini, hatua baada ya hatua, mpaka maji yaanze kujaa.

Tunawapongeza kwa moyo wote. Bahari imekwisha kuingia kwenye mabonde ya mpunga, na chumvi imewanyima watu mavuno. Ukuta wa zege huanza kuchakaa siku unapokamilika. Mkoko hukua: mizizi yake hushika tope, hupunguza nguvu ya mawimbi, na huwalea kamba na samaki wachanga.

Pongezi pia kwa kila mfadhili anayeziacha fedha mikononi mwa wenye pwani yao. Jirani zetu wa Shelisheli wameonyesha njia. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa hatifungani ya bluu, yaani dhamana ya mkopo wa kugharimia uhifadhi wa bahari, ya kwanza ya serikali duniani, yenye thamani ya dola milioni 15 za Marekani, na sehemu yake ikapangiwa ruzuku kupitia SeyCCAT, mfuko wao wa uhifadhi.

Pemba nayo inastahili fedha za namna hiyo, zisizoishia siku ya kupanda na kupiga picha. Mche unataka kuangaliwa kwa miaka, na mapengo ya miche iliyokufa kuzibwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe mikononi mwa wanakijiji.

Hongereni sana. Mnatulindia kisiwa.