Mwalimu Asiyeigusa Simu

Kituoni Kaptagat, kando ya barabara itokayo Eldoret, kuna kibanda cha M-Pesa ambacho mwenyewe hufundisha watu simu huku ameviingiza viganja vyake ndani ya mikono ya sweta. Mtu angedhani ni baridi tu. Hapa tuko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukungu wa msituni hufika kituoni kabla ya matatu ya kwanza, na kujikunyata ni desturi. Lakini ukimtazama kwa muda utaona kwamba anajizuia makusudi, asije akanyoosha mkono na kuifanya kazi ya mwanafunzi wake.

Siku niliyoketi pale nikisubiri kutoa pesa, mwanafunzi alikuwa bibi mwenye mvi aliyeletewa na mwanawe simu mpya ya kupangusa. Aliigusa, ikanyamaza. Akaigusa tena kwa nguvu. Kimya. Akaisukuma juu ya kaunta. "Fanya wewe, mwanangu. Hii imenikataa." Yule dada mwenye kibanda hakuipokea. "Haijakukataa, Kogo. Pulizia kidole, halafu gusa uachie." Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi huku, akapulizia, akagusa, akaachia. Kioo kikafunguka.

Wako watu waliosomea kompyuta miaka minne wasiojua kwa nini pumzi ile ilihitajika. Kioo cha simu hizi hakihisi uzito wa kidole; huhisi umeme mdogo sana unaopitia ngozi yenye unyevu. Kidole kilichokamua ng'ombe alfajiri tangu ujana, kikapalilia viazi na kupura mahindi, ngozi yake imekauka na kuwa sugu, na baridi ya huku huikausha zaidi. Simu haikioni. Waliozibuni simu hizi, nadhani, walizijaribu kwa vidole vya watu wa ofisini. Dada wa kibandani anajua kwamba pumzi hurudisha unyevu kidogo, na kwamba kidole kidogo cha mwisho, ambacho jembe halikukichosha sana, husomeka pale kile cha shahada kinaposhindwa. Hakuna kitabu kilichomfundisha hayo. Ameyapata kwa kuvitazama vidole.

Anajua pia kosa la pili la wazee, ambalo si kosa hata kidogo ila ni elimu ya awali. Aliyezoea vitufe hubonyeza kwa nguvu na kukawia, maana kitufe kilitaka hivyo. Kioo kikishikiliwa hudhani umeamuru jambo jingine: picha zinaanza kutikisika, moja inahama mahali pake, nyingine inafutika, na mzee anatoka jasho akiamini ameiharibu simu ya mtoto wake. Kwa hiyo somo la kwanza pale kibandani ni kugusa na kuachia, basi. Kogo aligusa na kuachia mpaka ile hofu ya mkono ikaisha, na foleni nzima, nikiwemo mimi, tukasubiri. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti.

Somo la pili ndilo lililonifanya nitake kuandika. Mwalimu mwingine angekimbilia kupiga simu, au WhatsApp ili bibi aone picha za wajukuu. Yeye alianza na njia ya kurudi. "Popote utakapopotelea, Kogo, gusa hapa chini, utajikuta nyumbani." Akamwambia aingie mahali popote apendapo, apotee kabisa, kisha arudi. Kogo akaingia kwenye saa, akarudi. Akaingia kwenye kamera, akauona uso wake mwenyewe, akacheka, akarudi. Akafungua kitu ambacho hata mimi sikukitambua, akarudi. Ujasiri wote wa kutumia simu umo mle: ajuaye kurudi haogopi kuingia. Nimesoma vijitabu vya simu ghali ambavyo havikuligundua hilo.

Baada ya hapo ndipo yakafuata mengine, kila moja kwa zamu yake: kupokea simu (wengi hugusa ile alama ya kijani na kungoja, kumbe inataka kuburutwa), kisha kurunzi, maana usiku wa Kaptagat ni giza la msitu, kisha kusoma ujumbe. Pesa alizifundisha mwisho. Ilipofika namba ya siri, yule dada aligeuka, akaupa uso ukuta wenye mabango ya bei, akabaki hivyo hadi Kogo aliposema, "Tayari." Hakuombwa ageuke. Kogo mwenyewe alikuwa karibu kuitamka namba hiyo kwa sauti mbele yetu sote. Mgongo ule ulikuwa sehemu ya somo: kwamba tarakimu hizi nne ni zako, na hata mimi ninayekufundisha sistahili kuzijua.

Wakubwa wenzangu watakumbuka kwamba ufundi huu tuliurithi kutoka enzi ya vitufe. Zama za mulika mwizi, kila kituo kilikuwa na mtu mmoja aliyesifika kwa mkono mwepesi wa simu, akawafundisha wengine chini ya mti au kwenye benchi la duka. Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003, ilikuja na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira mmoja ili vumbi lisipenye, na kurunzi iliyowaka ukishikilia kitufe cha C. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani, na ningeapa kwamba nyingi zilipitia hapa kwetu Uasin Gishu. Mtu aliweza kuitumia mkono ukiwa mfukoni. Orodha yake haikuhama: kilichokuwa cha tatu kutoka juu siku ya kuinunua kilikuwa cha tatu hadi siku ilipokufa. Leo simu hulala ikiwa hivi na kuamka vingine, imejisasisha yenyewe usiku, na bibi aliyeijua njia jana anaanza upya asubuhi. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Na kuandika! Kijana wa leo hajui kwamba salamu ilikuwa na mdundo wake. Kuandika shikamoo kulidai mibonyezo 19. Ulibonyeza saba mara nne kupata s, nne mara mbili kupata h, halafu ukasita, kwa kuwa i nayo inakaa kwenye nne. Usiposita h inageuka kuwa i mbele ya macho yako. M na zile o mbili zote zimo ndani ya sita, kwa hiyo unasita tena, na tena. Chamgei, salamu yetu ya huku, ilikuwa mibonyezo 13 tu, na hakuna herufi zake mbili zinazofuatana zilizokaa kwenye kitufe kimoja. Ilitiririka bila kusita popote. Nilipenda kuamini kwamba hata simu ilijua kumwamkia mzee kunataka utulivu, na kusalimiana na rika kunataka wepesi. Upuuzi, bila shaka. Lakini ujumbe ulibeba herufi 160 tu, pamoja na nafasi, na kila herufi iligharimu kidole, hivyo mtu alifikiri kabla ya kuandika. Baba aliyemwandikia mwanawe wa bweni kuhusu karo alitumia maneno machache, na yote yalikuwa na uzito.

M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005, benchi la duka likahamia kwenye kibanda cha wakala. Watu hukumbuka teknolojia na kusahau walimu. Hakuna mtambo uliomshawishi mkulima kuamini kwamba pesa za maziwa zinaweza kukaa ndani ya laini. Alishawishiwa na mtu aliyesimama naye, akamwelekeza "Tuma Pesa" iko wapi na "Toa Pesa" iko wapi, akamngojea hadi ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia, kisha akamsomea polepole. Nchi nzima ilifundishwa hivyo, kaunta kwa kaunta, na sijaona mnara wa ukumbusho wao popote.

Siku hizi tumeingiwa na haraka isiyo na adabu. Mjukuu anakuja nyumbani likizo ya Desemba. Bibi anamwuliza jambo la simu. Mjukuu haulizi bibi amekwama wapi, anainyakua simu, vidole vinaruka, sekunde kumi, "Shika, imekubali." Bibi anashukuru na hajajifunza kitu. Kesho amekwama palepale, na mjukuu amesharudi Nairobi. Tunauita huo msaada. Mimi nauita wizi mdogo: mtu ameibiwa nafasi ya kujua, tena mbele ya macho yake.

Madukani mjini hali ni ileile. Tangu Lipa Mdogo Mdogo ianze Julai 2020, ambapo mtu aliweza kuichukua simu janja kwa amana na kulipa shilingi 20 kwa siku, simu hizi zimefika mpaka kwenye mashamba ya ndani kabisa, na hilo ni jambo jema. Lakini mnunuzi hukabidhiwa kifaa ambacho tayari kimefunguliwa, barua pepe imetungwa na muuzaji, nywila imechaguliwa na muuzaji, imeandikwa nyuma ya risiti ambayo mvua ya kwanza itaifuta. Mwenye simu hana ufunguo wa nyumba yake. Akiulizwa nywila mwaka ujao, itabidi aanze upya, majina yote ya jamaa yakiwa yamepotea.

Kaptagat haina udhuru wa kulisahau somo hili la kumwacha mtu afanye mwenyewe. Ni hapa hapa Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Kipchoge alipokuwa kijana alimwomba Sang ratiba ya mazoezi, akapewa, akaenda akaifanya mwenyewe, akarudi kuomba nyingine. Tangu 2003 amekuwa akiandika mazoezi yake daftarini kwa mkono wake. Asubuhi unaweza kumwona kocha kando ya barabara ya udongo mwekundu akiwa na saa mkononi, na wanariadha wanapita. Hajawahi kukimbia badala ya mtu hata hatua moja. Jioni wanaporudi kambini, wanakijiji wanaokutana nao njiani ndio haohao watakaowanyang'anya mama zao simu.

Na kutojua kuna bei yake. Mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka 2023 ilishuka hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, humfikia mkulima aliyesajiliwa kwa njia ya ujumbe wa simu wenye namba ya kuchukulia mzigo kwenye ghala. Asiyejua kufungua ujumbe, au aliyefungua na kuufuta kwa kidole kizito, hungoja huku mvua za Machi na Aprili zikipita. Pesa zikitumwa kwa namba isiyo sahihi, kuna njia ya kuomba zirudishwe kwa kuupeleka ule ujumbe wa muamala kwenye 456, na inafaa kufanywa mara moja kabla aliyezipokea hajazitoa. Nani atamwambia mzee? Kijana anayemjulia namba yake ya siri "ili amsaidie" ndiye wa kwanza kutiliwa shaka salio likipungua, na mara nyingine shaka hiyo ina msingi. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya tarakimu nne ambazo hazikupaswa kuwa za mtu wa pili.

Dada wa kibandani hana mshahara kwa kazi hii. Wakala hulipwa kamisheni kwa pesa anazomwekea mteja na anazomtolea. Kwa muda wa kufundisha hapati hata senti. Zamani angalau mwanafunzi aliondoka na kadi ya kukwangua, na duka likabaki na faida yake ndogo. Sasa masomo ya mwisho anayoyatoa ni kununua kredo moja kwa moja kutoka M-Pesa na kulipa dukani bila kushika noti. Kogo akishayajua hayo hatakuwa tena na sababu ya kupanga foleni pale. Kila anayehitimu ni mteja mmoja aliyepungua, na mwalimu analifahamu hilo vizuri kuliko mimi ninayeliandika. Nilipomwuliza kwa nini basi anafundisha, alinijibu kwa ufupi kwamba watu hawawezi kuwa wanaomba kila siku. Akamwita aliyefuata.

Kwa hiyo ukipita Kaptagat, hata kama simu yako inajua kulipa kila kitu, toa pesa kidogo pale kwenye kibanda. Na ukifika kwenu, mzazi akikuuliza jambo la simu yake, vuta kiti, iache simu mkononi mwake, na usiondoke kabla hajalifanya mwenyewe mara mbili.