Kwanza Ziba Dirisha

Mtoto wa siku hizi hupigwa picha kabla hajapewa jina. Anapofika umri wa chekechea ameshajua kusimama, kutabasamu kwa amri, kisha kukimbilia simu aone alivyotoka. Kupigwa picha anajua sana. Kupiga hajui, na wala hafundishwi, kwa sababu wakubwa wenyewe tunaona kazi yote imo kwenye kubonyeza. Wangu nimeamua kuwafundisha, na kamera sikuitoa kwanza.

Tulianza na chumba. Hapa Dar es Salaam jua halina shida, kwa hiyo mchana wowote mkavu unafaa, mradi dirisha linatazama barabara. Ziba dirisha lote kwa maboksi na selotepu, uvungu wa mlango usukumie khanga, kisha toboa kwenye boksi tundu moja la kupita kidole cha mtoto. Mwanzoni hamwoni kitu. Watoto watalalamika joto, mmoja atamkanyaga mwenzake. Waache. Macho yakizoea giza, mtaa unaanza kujitokeza kwenye ukuta wa pili: mwembe wa jirani umepinduka, mbingu imelala chini, na bodaboda inapita karibu na dari, matairi juu. Kinachowavunja mbavu ni kwamba mlio wa pikipiki unaelekea huku na picha yake inaelekea kule.

“Nani kaigeuza?” ndilo swali litakalokuja, na ni swali la kitaaluma hasa. Hakuna aliyeigeuza. Mwanga huenda moja kwa moja, hivyo unaotoka kwenye kilele cha mwembe ukishapenya tunduni hauna pa kwenda ila chini. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliichunguza habari hii miaka 1,000 hivi iliyopita, naye alikuwa na tundu na giza tu. Mtoto aliyesimama ndani ya kamera kwa miguu yake haoni tena kamera kama kifaa cha dukani.

Baada ya hapo wape kamera, hata ile simu kuukuu yenye kioo cha nyufa, na uwape sharti: picha 36, idadi ya mkanda mmoja wa zamani, na hakuna kufuta wala kutazama mpaka jioni. Sisi tuliokulia enzi za studio tunakumbuka kungoja picha zisafishwe. Pale Mji Mkongwe, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuishika kazi ya baba. Nina hakika kurithishana namna hiyo kulihitaji subira kuliko mashine. Mtoto mwenye picha 36 hapigi ovyo. Humzunguka kuku kwanza, akamvizia, akachuchumaa.

Na jioni, mkizitazama, mzazi ajizuie kusahihisha. Mtaona magoti, visigino, uvungu wa meza, tumbo la mjomba lisilo na kichwa. Huo ndio urefu wake, na dunia anaiona akiwa hapo. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipewa kamera na baba yake mwaka 1902, hajatimiza hata miaka 10, akawapiga kaka yake na binamu zake wakiruka, wakianguka, wakiendesha vigari vya kujitengenezea. Mwaka 1963 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilizitundika picha zake, yeye mwenyewe akikaribia miaka 70. Sijui kama angefika huko endapo baba angekuwa anamwambia kila siku awapange watu mstari.

Sinema ndiyo inayowapendeza zaidi, na kwetu inachezwa na vizibo vya soda. Simu inafungwa kwa selotepu kwenye kopo la maziwa isitikisike. Kizibo kinasogezwa kidogo, mkono unatoka, picha moja. Kinasogezwa tena. Picha 12 kwa sekunde zinatosha kulidanganya jicho, maana yake filamu ya sekunde 10 inakula picha 120, na hapo ndipo undugu unapojaribiwa. Mkubwa ana pupa. Kizibo chake kinarukaruka kama chura. Mdogo husogeza nusu ukucha, ulimi nje, na cha kwake kinateleza kwa heshima zote.

Mtu akiniambia haya ni mambo ya kupotezea watoto muda, humtajia Ndugu Lumière. Katika onyesho lao maarufu la Paris la Desemba 28, 1895, walipowatoza watu kiingilio kutazama picha zinazotembea, mojawapo ya filamu ilikuwa ya mtoto akilishwa chakula nje ya nyumba. Mlishaji ni Auguste Lumière, mtoto ni wake, na aliyeshika kamera ni Louis, baba mdogo. Haifiki dakika moja. Wanangu wameitazama wakaitolea hukumu: mtoto kacheza vizuri, ila filamu haina mwisho. Sasa wanatunga yao ya kulishana uji, na ugomvi uliopo ni nani alishwe, kwa sababu wote wawili wanataka kushika kamera.