Bwawa Dogo la Uani: Hesabu ya Lita 6,500

Wengi wanaonunua bwawa la fremu la kuweka uani huamini kwamba kwa kuwa bwawa ni dogo, kazi yake nayo itakuwa ndogo. Hesabu inakataa. Bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 375,000. Wakiingia watu 30, kila mmoja ana lita 12,500 za kumzunguka. Bwawa la duara la uani lenye kipenyo cha mita 3.66 na ukuta wa sentimita 76 hubeba lita 6,500 hivi. Wakiingia watoto watano, kila mmoja ana lita 1,300 tu. Jasho, mafuta ya kupaka, mkojo na vumbi la miguuni vinaingia kwenye maji machache mara tisa zaidi kwa kila kichwa. Ndiyo maana bwawa la hoteli linaweza kuvumilia siku mbili za uzembe, na hili la uani likageuka kijani kati ya Ijumaa na Jumapili.

Uchambuzi huu unatokana na bwawa la kipimo hicho lililowekwa na familia moja ya Tegeta, Dar es Salaam, likatumika msimu wote wa joto wa kaskazi. Nimelichagua kwa sababu kazi ya ardhi ilifanywa vizuri kuliko nilivyozoea kuona, na kwa sababu tatizo lililowapata baadaye ndilo linalowapata wengi bila kujua chanzo chake.

Tuanze na ardhi. Lita 6,500 za maji ni tani sita na nusu. Kitu cha kwanza alichouliza fundi alipofika ni shimo la choo liko wapi, na chemba zake zinapita wapi. Swali hilo peke yake lilionyesha anajua kazi. Nyumba nyingi za mjini zina shimo la maji machafu uani, limefunikwa kwa zege na kusahaulika chini ya nyasi, na mfuniko ule haukujengwa kubeba tani sita. Sehemu iliyokuwa inapendwa na watoto, karibu na mwembe, ikaachwa kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu majani na maua ya mwembe yangelijaza chujio kila asubuhi. Likachaguliwa eneo la wazi kando ya ukuta wa uzio.

Kwa macho, eneo lile lilikuwa tambarare kabisa. Fundi hakuamini macho. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha, akaujaza maji akihakikisha hakuna povu la hewa ndani, kisha yeye akashika ncha moja kwenye kigingi cha upande huu na kijana wake akashika nyingine upande wa pili. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja hata ardhi iwe imelala vipi, kwa hiyo tofauti inasomwa moja kwa moja kwenye vigingi. "Mama, kule ukutani kumepanda sentimita 11 kuliko hapa," alimwambia mwenye nyumba. Mama alipopendekeza waagize mchanga wa kujazia upande wa chini, akakataa: "Hapana mama, tunachimba kule juu. Huku tukijaza, patazama."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kifizikia. Ardhi iliyolala miaka mingi imeshashikana, lakini mchanga wa kumwaga leo utaendelea kukaa chini ya uzito kwa wiki kadhaa. Bwawa likiinama, maji yanabaki usawa, kwa hiyo upande mmoja unabeba kina kikubwa zaidi. Msukumo wa maji kwenye ukuta hauongezeki sambamba na kina. Unaongezeka kwa mraba wake. Kwenye kina cha sentimita 62, kila mita moja ya ukuta inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 192 hivi. Kina kikifika 67, nguvu hiyo inakuwa kilo 224. Sentimita tano tu zimeongeza mzigo kwa asilimia 17, na mzigo huo uko upande mmoja, kwenye miguu ambayo tayari imeanza kuegemea nje. Mabwawa ya fremu yanayopasuka na kumwaga maji yote kwa mkupuo mara nyingi huanzia hapo.

Baada ya kuchimba, waliondoa mizizi, vigae na kokoto, kisha wakashughulika na ndago. Hili ni jani ambalo mkulima yeyote analijua, lakini wauzaji wa mabwawa hawalitaji. Ncha ya ndago inayochipua ina uwezo wa kutoboa plastiki, na kufyeka juu hakusaidii kwa sababu vinundu vyake viko chini. Walichimbua udongo, wakachambua vinundu kwa mkono, wakatandaza mchanga laini uliochekechwa, wakaushindilia, wakaweka turubai nene juu yake, na chini ya kila mguu wa fremu wakazika tofali la kutandaza njiani, usawa na ardhi, ili mguu usidumbukie.

Maji ya kwanza yaliingizwa sentimita mbili tu. Hapo mpira ukafungwa, na watu wawili wakaingia peku kuvuta mikunjo ya sakafu kutoka katikati kwenda pembeni. Maji yakishazidi kiganja, mkunjo hauvutiki tena, nao hugeuka kuwa mfereji wa kukusanya uchafu na mwani ambao brashi haiufikii. Kisha kina kikapimwa kwa rula sehemu nne za ukuta. Zilipolingana, ndipo boza likaruhusiwa kumwaga.

Kuhusu maji yenyewe nitasema machache. Ukanda wetu wa pwani umekaa juu ya mawe ya matumbawe sehemu nyingi, na visima vyake mara nyingi hutoa maji magumu, yenye chokaa na chumvi. Maji hayo yanafaa kuogelea, ila huacha ukoko mweupe kwenye chujio na kupandisha pH. Yenye madini ya chuma hubadilika kuwa kahawia mara tu klorini inapoingia. Kwa hiyo mimina klorini kidogo kwenye ndoo ya maji ya kisima chako kabla ya kujaza bwawa zima, uone.

Sasa klorini, ambako ndiko msimu wote hushinda au hushindwa. Anayejua ujazo wa bwawa lake hana haja ya kubahatisha. Kiasi kinachotakiwa kiwe kwenye maji wakati wote ni kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Kuongeza miligramu 2 kwa lita 6,500 kunahitaji gramu 13 za klorini. Unga wa kalsiamu haipokloraiti wenye nguvu ya asilimia 65 utatoa kiasi hicho kwa gramu 20. Gramu 20! Watu humwaga kikombe kizima, halafu wanashangaa macho ya watoto kuwa mekundu na rangi ya bwawa kupauka. Unga huyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya maji, unga ukiingia majini na si maji kumwagwa juu ya unga, kisha mchanganyiko unazungushwa pembeni pote jioni, pampu ikiwa inafanya kazi.

Jioni kwa sababu ya jua. Klorini isiyo na kinga ikiachwa kwenye jua la mchana hupoteza zaidi ya nusu yake ndani ya saa moja. Kinga yake ni asidi ya sayanuriki, ambayo huishika klorini na kuiachia polepole. Kiwango kizuri ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Kwa bwawa letu, gramu 260 zinatosha kufika 40, na zinawekwa mara moja tu.

Hapa ndipo familia ya Tegeta iliponaswa. Baada ya wiki za mwanzo waliacha unga wakahamia kwenye vidonge vinavyoelea ndani ya kikombe cha plastiki, kwa kuwa ni rahisi. Vidonge hivyo, vya traikloro, vina kinga ndani yake. Kila miligramu 10 za klorini vinazotoa huja na miligramu 6 hivi za asidi ya sayanuriki. Klorini inatumika na kuisha. Asidi ya sayanuriki haiishi, wala haipandi na mvuke, bali hulimbikizana hadi maji yabadilishwe. Bwawa linalotumia miligramu 2 kwa siku linapokea 1.2 za kinga kila siku, yaani 36 kwa mwezi na 72 kwa miezi miwili. Wao walikuwa wameshaanza na 40. Kufika Februari, karatasi ya kupimia ilionyesha klorini ipo ya kutosha, lakini maji yakawa yanateleza ukutani na kuanza kijani. Klorini ilikuwepo, imefungwa. Kuongeza vidonge kulizidisha ugonjwa. Dawa ilikuwa moja: kutoa zaidi ya nusu ya maji na kujaza mapya. Hukumu yangu ni kwamba kwa bwawa dogo lililo juani mwaka mzima, vidonge vifae kwa siku chache za safari, na kazi ya kila siku ibaki kwa unga.

Onyo moja hapo lisipuuzwe. Unga wa kalsiamu haipokloraiti na vidonge vya traikloro havichanganywi kamwe, hata kwa kutumia chombo chenye mabaki ya kimojawapo, kwa maana vikikutana vinaweza kuwaka au kulipuka. Wala klorini yoyote haikutanishwi moja kwa moja na asidi, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu.

pH nayo ndiyo inayoamua klorini uliyoweka inafanya kazi kiasi gani. Kwenye 7.2, theluthi mbili hivi ya klorini iko katika umbo linaloua vijidudu. Kwenye 7.5 ni karibu nusu. Kwenye 8 inabaki robo. Maji yetu ya chokaa hupenda kupanda huko juu, kwa hiyo asidi kidogo kila baada ya siku kadhaa ni jambo la kawaida. Lenga 7.2 hadi 7.6. Na harufu kali inayochoma pua, ambayo watu huichukulia kuwa dalili ya klorini nyingi, kwa kawaida ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Tiba yake ni kuwaogesha watoto kabla hawajaingia na kupiga dozi kubwa usiku: gramu 100 za unga ule ule hufikisha miligramu 10 kwa lita, na watu wasiingie hadi kipimo kishuke.

Klorini ina mipaka. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inaonyesha kwamba miligramu 1 kwa lita kwenye pH ya 7.5 huua bakteria wa E. coli chini ya dakika moja, na virusi vya homa ya ini A kwa dakika 16 hivi, lakini kimelea cha kriptosporidiamu huishi zaidi ya siku 10. Mtoto anayeharisha asiingie. Kama ajali imetokea kwenye bwawa la ukubwa huu, maji yote yatolewe, bwawa lioshwe kwa dawa, likaushwe.

Pampu inayokuja na mabwawa haya husukuma lita 2,000 hivi kwa saa. Ungedhani saa tatu na robo zinatosha kuchuja lita 6,500. Lakini maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na yasiyochujwa, hivyo mzunguko mmoja huwa umepitisha asilimia 63 tu ya maji, wa pili 86, wa tatu 95. Saa 8 kwa siku ndicho kiwango cha busara. Pampu ya wati 60 itakula karibu nusu uniti. Katriji ioshwe kwa mpira wa maji kila baada ya siku mbili tatu, katikati ya mikunjo, bila brashi ya waya. Umeme wake upitie kifaa cha kukata unapovuja, cha miliampia 30, kifungwe na fundi umeme, na waya wa kuungaunga usiburuzwe kwenye nyasi zilizolowa.

Bwawa lililoachwa bila klorini wala pampu ni la mbu. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 katika joto letu, na Dar es Salaam iliugua homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Asiyekusudia kulitumia kwa wiki mbili alimwage, lakini aache klorini iishe kwanza, kisha maji ayaelekeze kwenye miti, si kwa jirani.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo akizama kwa kawaida hapigi kelele. Ukuta wa sentimita 76 haumzuii mtoto wa miaka 3 mwenye kiti cha plastiki cha kupandia. Weka uzio wa angalau mita 1.2 wenye mlango unaojifunga, toa ngazi kila mnapomaliza, ondoa midoli majini isimvute, na mtu mzima mmoja akae pale bila simu mkononi muda wote watoto wakiwa ndani. Nyumba isiyo na mtu wa kukaa pale isijaze bwawa.