Daktari Mfungwa wa Tabora: Nani Anahesabiwa Mgonjwa?

Kwenye semina moja mwenzangu aliuliza swali lililotuchekesha wote: "Hivi daktari aliyetekwa vitani ni daktari au ni mfungwa?" Tulicheka, lakini swali hilo ndilo ufunguo wa kitabu nilichokuwa nakisoma.

Kitabu chenyewe ni Two Years' Captivity in German East Africa, kilichotolewa London baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwandishi ni Holtom, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, ingawa kitabuni amejificha nyuma ya herufi E.C.H. Alitekwa Dar es Salaam tarehe 28 Novemba 1914, alipopanda kukagua meli ya hospitali ya Wajerumani. Na meli hiyo iliitwaje? Tabora! Tena ni katika mji wa Tabora ambako Wabelgiji waliwakuta wafungwa wa Kizungu na kuwafungua, walipouteka mji huo tarehe 19 Septemba 1916.

Mkataba wa Geneva wa 1906 ulitaka tabibu asihesabiwe mfungwa wa vita. Akiangukia mikononi mwa adui aendelee kutibu, na asipohitajika tena arudishwe kwao. Kwa hiyo nafsi ya kwanza ya kitabu hiki imebeba mizigo miwili: mfungwa ana haki ya kulalamika, daktari ana wajibu wa kushuhudia.

Sasa basi, hapa ndipo ninapogombana nacho. Anamshuhudia nani? Kichwa kinatamka wazi kwamba ni mambo yaliyompata yeye binafsi. Lakini Tabora ileile ilikuwa na wafungwa Waafrika, wakiwemo walimu wa misheni za Kiingereza walioshukiwa upelelezi. Walisukumwa kwa miguu, minyororo shingoni, na wako waliokufa. Jamani, nchi hiyohiyo ya misafara ya Unyanyembe ilikwisha kuona minyororo ya watumwa! Hawa hakuna mkataba uliowakinga.

Kwa upande wao tunaye Martin Kayamba, mwanafunzi wa zamani wa Kiungani, Zanzibar, ambaye naye alifungwa na Wajerumani. Habari za maisha yake zimo katika Ten Africans (1936), kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Yeye si daktari, hana cha kumpa mwenzake ila ushahidi. Na bado, bila yeye, wagonjwa wale wasingekuwa na msimulizi wa kwao.

Simlaumu Holtom. Daktari mfungwa humtibu yule anayeruhusiwa kumfikia. Kosa ni letu wahakiki, tukikichukua kitabu chake kuwa ndiyo habari kamili ya wafungwa wa Tabora.

Liko jambo moja linaloniuma zaidi. Safari yake ya Uingereza, Kayamba alitusimulia kwa Kiswahili, katika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza (1932). Kifungo chake akakisimulia kwa Kiingereza. Je, nani kati yetu atakirudisha nyumbani?