Ucheshi na Ibada katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umepata bahati mbaya ya kusifiwa kwa sababu moja na kulaumiwa kwa sababu iyo hiyo. Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabuni pamoja na tafsiri mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza ambayo maana yake ni nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Wasomaji wengi wameushika hivyo hivyo, kama hati ya sheria. Waipendao sheria hiyo huusifu kwa adabu zake. Waichukiao huuita kamba ya kumfungia mwanamke. Makundi haya mawili hugombana sana, walakini yameafikiana katika jambo moja: kwamba mama huyu huamuru tu, hacheki. Nadhani maafikiano hayo si ya haki, na nia ya makala haya ni kuyapinga.

Kwanza tutazame mahali yaliposemwa maneno. Mtungaji ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Mume alifariki mwaka 1856. Utendi ulitungwa miaka miwili baadaye. Mwenyewe alifariki yapata mwaka 1860. Asema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwa muda huo hakupata kumwambia binti yake neno jema. Basi amwita, Mwana Hashima, aje akae karibu naye na wino na karatasi. Hapana mimbari hapo, wala hadhara ya wanavyuoni. Pana mgonjwa na mwanawe, na neno lililokawia kusemwa.

Kisha, kabla ya amri yo yote, mama atoa zawadi. Atampa binti hirizi aifunge kwa uzi; halafu atamtungia kidani cha lulu na marijani kimeremete shingoni. Wahakiki huzipita beti hizi upesi wakizidhania kuwa ni mapambo ya utangulizi. Mimi naona ndizo ufunguo wa utendi wote. Hirizi ni kinga na kidani ni pambo, na mama avitoa kwa mkono mmoja, pasipo kuona kwamba kimoja ni cha dini na kingine ni cha dunia. Msichana hafundishwi kwanza maana ya uchaji. Apewa kitu cha kuvaa. Ndiyo sababu, baada ya kuhimizwa dini na faradhi zake, hatushangai kumsikia mama akishuka hata kwenye ufagio, usafi wa choo, asumini ya kutunga na kutiwa kitandani, nywele za kusuka. Mtu akitaka kutenga beti za ibada na beti za nyumba atapata taabu kubwa, maana aliyezitunga hakuzitenga.

Sasa nije kwenye ucheshi. Mama amwambia binti amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Kiamu chatumia hapa neno "kijana", na msomaji aliyezoea Kiswahili cha siku hizi humwona mvulana wa miaka ishirini aliyepungukiwa na maneno. Kosa hilo huuua ubeti. "Kijana" wa ubeti huu ni mtoto mdogo, yule ambaye akilia hapana budi kukisia ataka nini. Mume huyo, alalapo asiamshwe; sauti isipazwe karibu naye; apepewe, akandwe mwili. Hayo ndiyo ambayo mama ye yote humfanyia mtoto kitandani.

Tumkumbuke tena mume ambaye mtungaji alimjua. Bwana Mataka hakuwa mtu wa kupepewa. Alipigana na majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, na Siu ikawa mwiba mkubwa kwa utawala wa Unguja. Mtu wa namna hiyo angemfaa mtungaji wa tendi za vita, na pwani ile haikukosa tendi za vita. Mjane wake hatusimulii hata pigano moja. Katika beti zake waume wote, hata walioogopwa na masultani, wamerudishwa utotoni, na hapana ajuaye jambo hilo kuliko wake zao.

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni huruma, si mzaha. Lakini ubeti hauishii hapo. Katika nusu yake ya pili, pasipo kupumzika, mama amwagiza binti aangalie sana mali inayotoka nyumbani na inayoingia. Mtoto amelazwa, na ufunguo wa sanduku umebaki kwa mlezi! Tena karibu na hapo pana neno "mpumbaze". Watu wa Lamu hulitumia kwa maana ya kumliwaza mtu na kumfurahisha. Katika Kiswahili cha bara limekuwa kumfanya mtu mjinga. Sisemi kwamba mtungaji alikusudia maana hiyo ya pili. Nasema tu kwamba binti anayeagizwa kumliwaza mume kama alivyoagizwa kumbembeleza mtoto hakosi kutabasamu, na mama yake alijua hivyo. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliufikiria upya utendi huu kwa upande wa lugha na mamlaka. Mimi naongeza jambo dogo, kwamba mamlaka hayo ya mke mara nyingi hupita katika mlango wa kicheko.

Hata hivyo mzaha tusiufanye kuwa pazia. Mama ataja radhi tano ambazo mwanamke azihitaji: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Aendelea kusema kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa, na atakalo ndilo litakalokuwa, pepo au moto. Hapo sioni tabasamu lo lote, na mhakiki akilitafuta atakuwa anajidanganya. Twaweza kusema haya tu: mtungaji ameacha mlango mmoja wazi. Mume akifanya maovu, binti aambiwa kwamba Mungu atamlipia. Hesabu ya nyumba, basi, haimalizikii kwa mume. Na asimuliapo ndoa yake mwenyewe, neno la kwanza linalomjia si utii bali furaha: yeye na babake Hashima walioana kwa furaha na kucheka. Baada ya amri zile zote, mwanamke huyu akumbuka kicheko.

Pana doa moja ambalo siwezi kulifuta. Binti akatazwa kutangamana na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo ni mfupi nao husomwa haraka, pengine kwa aibu. Yafaa usomwe polepole. Ufagio ule niliousifu juu yawezekana ulishikwa na mkono mwingine, na asumini ile ilichumwa na mtu ambaye hapana aliyemtungia kidani. Imani iliyofika chooni na kitandani haikufika kwa mtu aliyelala jikoni. Katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hata mwaka 1907, karibu miaka hamsini baada ya mtungaji kufariki. Hapa haitoshi kumtetea kwa kusema kwamba ndivyo zamani zilivyokuwa, kwa sababu nguvu ya utendi ni kutazama karibu, na hapa mtazamaji amegeuza uso.

Wanafunzi hupenda kuulinganisha utendi huu na Hati ya Shaaban Robert, ambaye naye alimtungia binti yake wasia, na mwanawe wa kiume akamtungia Adili. Mlinganisho huo ni wa haki. Huko nako binti aambiwa akae aandike, ila safari hii akae juu ya kiti, na kiti hicho chatwambia mengi juu ya nyumba ya karani wa serikali. Walakini, kwa maoni yangu, chumba chatoweka upesi. Beti nyingi za Hati zaweza kusemwa kwa binti wa mtu ye yote; ni nzuri, zimenyoka, nazo hazinifanyi nicheke. Baba huyu ampa mtoto akiba ya fikira, naye aipanga vizuri mno. Mwana Kupona haipangi. Hurukia jambo, huliacha, hulirudia, kama asemavyo mtu ambaye pumzi yake ni chache.

Na pumzi hiyo, sehemu kubwa iliyobaki, huitoa katika dua. Anayechagua beti za mume na kuiacha dua amekata utendi katikati. Amwombea Hashima, awaombea watoto wake na ndugu zake, ajiombea mwenyewe aondolewe maradhi, kwa maneno ya mtu anayegonga mlango anaoufahamu. Halafu ahesabu beti zake na kusema kwamba ni mia na mbili, ataja mwaka wa Hijra kuwa 1275, na kunyamaza.