Sifa za Anayetazama Mara ya Pili

Simba wa kreta ya Ngorongoro hatambuliwi kwa ukubwa wake wala kwa rangi ya manyoya. Anatambuliwa kwa vitone ambamo masharubu yake yameota. Mpangilio wa vitone hivyo ni wake peke yake, na anazeeka nao. Ndiyo maana picha iliyopigwa zamani na mgeni aliyetaka ukumbusho tu wa safari yaweza kuja kujibu swali ambalo mwenyewe hakuwahi kuliwaza. Craig Packer na wenzake walipochapisha historia ya simba wa kreta mwaka 1991, picha za zamani ziliwasaidia kurudi nyuma hadi miaka ya sitini na kuwafuata simba mmoja mmoja. Huko walikutana na mwaka 1962, mwaka ambao nzi wafyonzao damu walivamia kreta kwa wingi wa ajabu na karibu wawamalize simba wote. Walibaki kumi hivi.

Nimeanza na simba ingawa kazi ninayotaka kuisifu hufanyika mbali sana na kreta. Ustadi ni ule ule: kumjua mmoja kwa alama zake, kuandika, kutunza kilichoandikwa, kisha kurudi. Ni kazi ya wasomaji wa spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, hasa wale wanaofuatilia kwasari.

Kwasari ni kitovu cha galaksi ya mbali chenye shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni, pengine mabilioni, ya majua. Gesi inayovutwa na shimo hilo hulizunguka, hujibana katika diski, hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Nje ya diski kuna mawingu ya gesi yanayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mwanga wa diski huyapiga, nayo hujibu kwa rangi zake maalumu. Ukiutawanya mwanga wa kwasari kwa rangi zake, majibu hayo huonekana kama mistari iliyochomoza. Mmoja wake, wa hidrojeni, huitwa H-beta na makao yake ni kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 486. Gesi inayotujia huusogeza kuelekea buluu, na ile inayotukimbia kuelekea nyekundu. Kwa kuwa zote zimo humo kwa pamoja, mstari hutanuka, na upana wake ndio kipimo cha kasi ya mawingu ambayo hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuyaona moja moja.

Mwaka 1963 Maarten Schmidt, akitumia darubini ya Palomar huko Marekani, aliitazama spektra ya kitu kiitwacho 3C 273 na kuona mistari isiyofanana na ya elementi yoyote. Akaja kugundua kuwa ni hidrojeni ile ile ya siku zote, ila kila mstari umesogea kwa asilimia 15.8. H-beta ilikuwa imehamia karibu na nanometa 563. Maana yake ni kwamba mwanga huo umesafiri takriban miaka bilioni mbili. Volkano ya Ngorongoro ilipoporomoka na kuacha kreta, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, mwanga wa 3C 273 tunaoupokea leo ulikuwa umekwisha kumaliza karibu sehemu 999 kati ya 1,000 za safari yake.

Schmidt anastahili sifa zake zote. Lakini mwaka huo huo Harlan Smith na Dorrit Hoffleit walifanya jambo ambalo kwangu mimi ni zuri vilevile, na halitajwi sana. Waliingia katika ghala la mabamba ya kioo ya Chuo Kikuu cha Harvard, picha za anga zilizokusanywa tangu karne ya 19, wakaitafuta 3C 273. Ilikuwamo. Ilikuwa imepigwa picha miaka na miaka kama nyota hafifu isiyo na jina, na katika mabamba hayo mng'ao wake ulikuwa ukipanda na kushuka. Waliopiga picha hizo hawakujua kuwa kuna kitu kinachoitwa kwasari.

Kubadilika kwa mng'ao kulizoeleka upesi. Mistari yenyewe kutoweka ni habari nyingine. Hesabu za diski zilionyesha kuwa kitu kikubwa namna hiyo kingehitaji maelfu ya miaka kugeuka kwa kiasi kikubwa. Ndipo Stephanie LaMassa na wenzake wakachapisha, mwaka 2015, habari za kwasari J0159+0033. Spektra yake ya mwaka 2000 ilikuwa na H-beta pana, ya kawaida kabisa. Ile ya mwaka 2010 haikuwa nayo. Mwanga wa diski ulikuwa umeshuka mara sita hivi. Miaka kumi tu!

Hapa ndipo fundi anapojulikana. Mtu wa haraka angepiga kelele. Msomaji wa spektra huanza kwa kuishuku kazi yake mwenyewe. Unyuzi wa kioo ulionasa mwanga mwaka 2010 ulikuwa mwembamba kuliko ule wa 2000. Je, haukuacha sehemu ya mwanga nje? Hewa ilikuwaje usiku ule? Vipimo viwili vya vifaa viwili vinalinganishwaje? Msaada upo ndani ya spektra yenyewe. Kando ya mistari mipana kuna mistari myembamba ya oksijeni, itokayo kwenye gesi iliyo mbali na shimo jeusi kwa mamia au maelfu ya miaka ya nuru. Gesi hiyo haiwezi kupata habari za diski katika muda wa miaka kumi, hata ingetaka. Kwa hiyo mistari hiyo hutumika kama rula: ikiwa imesimama palepale na ile mipana imeanguka, kifaa hakina kosa. Nauona huu kuwa ujanja mzuri kuliko yote katika kazi hii.

Sababu bado zinabishaniwa. LaMassa alipinga kwamba vumbi lilipita mbele na kuficha mwanga, kwa kuwa wingu lingechukua muda mrefu mno kuvuka eneo lote hilo. Aliona ni diski iliyokosa chakula. Andrea Merloni na wenzake wakasema huenda mwaka 2000 ulikuwa wa karamu: nyota moja ililisogelea mno shimo jeusi, ikararuliwa, na tulichokiona baadaye ni moto wake ukizimika. Mimi nafurahi kwamba wote wanabishana juu ya spektra zile zile mbili.

Afrika Mashariki imo katika habari hizi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya eksirei za angani. Ilikuwa siku ya Jamhuri ya Kenya, miaka saba tangu uhuru, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miongoni mwa vyanzo ilivyovinasa ni NGC 4151, galaksi yenye kitovu cha aina ya kwasari ndogo, iliyo karibu nasi kuliko 3C 273. Mwaka 1984 Michael Penston na Enrique Pérez waliripoti kuwa mistari mipana ya galaksi hiyo ilikuwa karibu imetoweka. Baadaye ilirudi. Asiyekuwa na kumbukumbu za awali angeandika tu kwamba hii ni galaksi tulivu, akaenda zake.

Sisi ni hodari wa kukusanyika kwa tukio la siku moja. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, Mbeya, kuona jua likipatwa na kubaki pete, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amehangaika sana kutuandaa. Kazi ya kurudia haina umati. Hakuna anayekuja kupiga picha na mtu anayeandika namba ile ile, ya kitu kile kile, kwa mwaka wa kumi na moja.

Karatu, mji ulio jirani na kreta ya Ngorongoro, ingeweza kuifanya kazi hiyo. Iko kusini kidogo tu ya ikweta, na 3C 273, iliyo katika kundinyota la Mashuke, hupita karibu na utosi wake. Katikati ya Juni, masika yakishapita, huwa juu kabisa mnamo saa moja na nusu usiku. Mng'ao wake ni wa daraja la 13 hivi. Darubini ya kioo cha sentimita 20 huiona kama kitone. Spektra yake inahitaji vifaa vikubwa zaidi, lakini mng'ao wake unaweza kukadiriwa kwa kuulinganisha na nyota za jirani. Chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote duniani, na 3C 273 imo katika orodha yake. Mwalimu wa sayansi mwenye darubini, jioni isiyo na mawingu, akadirie, aandike tarehe na saa, na mwakani arudie.